Kinga si kamyo

 Miezi ya baridi inakaribia, na pamoja nayo zamu za konji. Bilo watu wanauliza tarehe. Jioni, mbele ya nyumba, nimeanza kuona kinga zimegeuzwa magurudumu juu, minyororo inapakwa mafuta. Mwaka huu tena wengi watakwenda kwao kwa kinga: wengine upande wa Bunkeya, wengine Mitwaba, wengine Kasenga na Luapula. Sikatazi. Mimi mwenyewe nakwenda hivyo. Kamyo ni ghali, tena kukaa juu ya magunia ya watu wengine ni hatari ambayo tutaizungumza siku nyingine. Leo nataka kusema juu ya mzigo.

Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo, ili anayekataa ajue anakataa nini. Mtu anayefanya safari ya siku tatu au nne kwa kinga, bila gari la kumfuata, akijibebea chakula chake, malazi yake na vyombo vyake vya kutengenezea kinga, asichukue zaidi ya kilo 15, maji ndani yake. Najua mtacheka. Hapa kambini kilo 15 mtoto wa miaka kumi na miwili anazitoa sokoni kichwani bila kulalamika. Lakini soko ni dakika ishirini. Siku nne ni kitu kingine.

Mwaka jana, mwezi wa nane, alikuja dispansere mtu mmoja wa kutoboa miamba, mtu mzima, mwenye nguvu, aliyetoka konji siku mbili tu. Akanyosha mkono wa kuume, akasema: «Munganga, hivi vidole viwili vimelala, haviamki.» Kidole cha mwisho na kile cha pete. Nikamchoma kwa sindano taratibu, hakusikia vizuri. Nikampa nati ndogo aishike, ikaanguka chini.

Nikamuuliza: «Baba, ulianguka njiani?»

«Sikuanguka. Nilifika salama, nikarudi salama.»

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzigo wake wote ulikuwa nyuma, umepanda juu hata kupita mabega. Mzigo wa namna hiyo unainua gurudumu la mbele, kinga inayumba, na mwenye kinga anaegemea usukani kwa nguvu zake zote ili kuishika. Kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho, unapita mshipa wa fahamu. Ukiukandamiza siku nne kwenda na siku nne kurudi, unalala. Hauna dawa nyingine isipokuwa kupumzika na kungoja. Yeye alingoja wiki tano. Wiki hizo wakubwa hawakumwacha aguse mashine, na walifanya vizuri, kwa sababu mtu asiyesikia vidole vyake hawezi kushika ngazi wala kupanda nayo gizani. Alipewa kazi ya kufagia ghala. Na primi ya mashine, bila shaka mnajua, haimfuati mtu kwenye ufagio.

Nilimuuliza jambo moja la mwisho: mzigo ulikuwa kilo ngapi? Hakujua. Tangu siku hiyo namuuliza kila mtu anayetoka konji, na mpaka leo sijapata hata mmoja anayejua.

Hili ndilo linalonishangaza. Sisi watu wa mgodi tunaishi na kilo. Wale wanaoshuka chini ya udongo wanaona kila siku kibao kwenye kaji: watu kadhaa, kilo kadhaa, basi. Hakuna anayesema «tusukumane, wawili zaidi wataingia». Kamba ya kunyanyulia imeandikwa tani zake. Bena imeandikwa tani zake, na dereva akizipita anaitwa kujieleza. Lakini mtu yuleyule, akitoka mlangoni saa nane na kushika kinga yake, anafunga mzigo mpaka kamba iishe. Kipimo chake ni kamba!

Tuangalie kidogo uzito unafanya kazi gani, kwa sababu wengine wanafikiri ni suala la kuchoka tu. Chukua kilo 10 za ziada. Fikiria ile shemine ndefu ya Lubumbashi, ambayo ina mita kama 150. Kama siku moja vilima vyote ulivyopanda vikijumlishwa vinafika mita 300, basi zile kilo 10 umezibeba mpaka juu ya shemine, ukashuka, ukazibeba tena mara ya pili, pamoja na mwili wako na kinga yenyewe. Hiyo ni siku moja. Moyo na magoti vinalipa, na maji ya mwili yanatoka kwa jasho. Kwenye jua kali mtu anayefanya kazi ngumu anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa. Kwa hiyo mzigo mzito unaomba maji mengi zaidi, na maji nayo ni mzigo, kilo moja kwa kila lita. Mzigo unazaa mzigo.

Kupanda kunachosha. Kushuka kunaua. Freni za kinga zetu, vipande viwili vya mpira, zimetengenezwa kusimamisha mtu mmoja na kitu kidogo. Ongeza kilo 40 kwenye mteremko wa changarawe, kisha mbele itoke kamyo ya madini na vumbi lake. Pale huna freni, una sala tu.

Nami nina haki ya kusema, kwa sababu nililipa. Mwaka 2017, mwaka wangu wa pili kazini, nilitoka Lubumbashi kwenda kwetu karibu na Kasenga, safari ya kilomita kama 200. Nilikuwa kijana, nimepata mshahara, nilitaka wanione. Nyuma nilifunga mfuko wa bunga wa kilo 25. Juu yake sanduku lenye viatu jozi mbili na suti. Juu ya sanduku redio. Upande huu sufuria mbili, upande ule chumvi ya mama mkwe, kilo 5. Mpira wa ndani wa akiba haukupata nafasi, nikauacha. Bido kubwa ya maji haikupata nafasi, nikachukua chupa moja. Chandarua nilikisahau kitandani, na nilipokikumbuka nilisema si kitu, ni siku tatu tu. Mimi, mtu wa afya! Angalieni jinsi mzigo mkubwa unavyofanya: unafukuza vitu vidogo vyenye faida, kisha vinabaki vikubwa visivyo na kazi.

Siku ya pili, kabla ya kufika Kasomeno, pale barabara ya Pweto inapoachana na ya Kasenga, njiti za gurudumu la nyuma zilianza kukatika. Moja, halafu mbili, halafu gurudumu likapinda, likakwama. Nilianguka upande wa kushoto, redio ikapasuka, mfuko wa bunga ukachanika. Mimi nilipata kidonda cha kiwiko na aibu. Nilisukuma kinga siku mbili. Nilipofika, mama yangu alinipokea vizuri, akaniosha kidonda, akatazama lile bunga lililobaki, limechanganyika na mchanga. Kisha akanipeleka kuona ghala. Ilikuwa mwezi wa sita. Mahindi yalikuwa yamevunwa mwezi uliopita, ghala limejaa mpaka juu. Nilikuwa nimepeleka bunga kwa watu wanaotuuzia sisi mahindi. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na mpaka leo wakiniona wajomba wananiuliza kama nimeleta bunga.

Kwa nini nilifanya vile? Si kwa njaa. Ilikuwa haya. Mtu wa kampani hawezi kufika mikono mitupu, ndivyo tulivyolelewa, na mimi sitaki kuwaambia mvunje desturi hiyo. Ndugu waliobaki kijijini walituuguza, walitulipia shule, wana haki ya kuona kitu. Lakini kitu gani? Dada yangu aliniambia baadaye alichokuwa akitaka: sindano za kushonea na nyuzi, kwa sababu za dukani kule zinavunjika. Sindano na nyuzi za mwaka mzima haziwezi kufika nusu kilo. Kitenge kinakunjwa kikawa kama kitabu. Miwani ya kusomea ya mzee ni nyepesi kuliko yai. Na chumvi? Kasenga kuna maduka, chumvi iko pale, tena leo franga zinatumwa kwa simu. Tuma franga, mama mkwe anunue chumvi mwenyewe na achague duka. Kama ni lazima kupeleka mfuko wa simenti au mabati, yapakieni kwenye kamyo na mtu mnayemjua, mlipe, halafu ninyi mfuate kwa kinga nyepesi. Ni gharama, ndiyo. Gurudumu jipya na wiki tano za ufagio ni gharama pia.

Wengine watasema: «Munganga, na wale wa makala je? Kila asubuhi wanaingia mjini na magunia matatu juu ya kinga, nao hawafi.» Ninawajibu kwa heshima, kwa sababu wale ni watu hodari kuliko mimi. Kwanza, watazameni vizuri: kwenye vilima hawapandi kinga, wanaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo. Pili, wanakaza magurudumu kwa chuma cha ziada. Tatu, ule uzito ndio mshahara wao, wanauuza. Wewe suti yako unamuuzia nani? Tena nimewahudumia baadhi yao kwa migongo na magoti, na wao wenyewe wangependa kubeba kidogo kama ingewezekana. Jambo moja tunaweza kujifunza kwao: hawaweki kitu kizito juu. Kizito kinakaa chini, karibu na pedali, au katikati ya chuma cha kinga, mbele ya miguu. Ukifanya hivyo usukani unatulia, na vidole havilali.

Kuna kisa nilichosoma ambacho kilinisaidia kuliko mafunzo mengi. Mwaka 1884 mtu mmoja jina lake Thomas Stevens, aliyezaliwa Uingereza, alitoka San Francisco kwa kinga ya zamani, ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Alivuka Marekani yote mpaka Boston mwaka uleule, kisha akaendelea Ulaya na Asia, akamaliza Yokohama, Japani, mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1886. Alipoondoka alikuwa na nini? Soksi, shati la kubadilisha, koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema na malazi yake, na bastola. Basi. Bastola sisi iacheni. Lakini lile koti lifikirini: kitu kimoja, kazi tatu. Sisi tuna kitenge. Kitenge ni taulo, ni shuka, ni kivuli cha mchana, ni kamba ya kufungia, ni cha kufunga mkono uliovunjika mpaka ufike kituo cha afya. Anayechukua kitenge kimoja anaacha vitu vinne nyumbani. Wake zetu walijua hili kabla ya huyo Stevens, ila hatukuwauliza.

Hata hivyo, kupunguza si kutupa ovyo, na hapa nawaonya wale vijana ambao wakishaelewa jambo wanalipita. Alikuwapo Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, ambaye alitoka Tripoli mwaka 1931, akashuka Afrika yote kwa kinga mpaka ncha ya kusini mwaka 1934, akarudi kwa kinga, kwa farasi, kwa mtumbwi, kwa ngamia na kwa miguu mpaka Algiers mwaka 1936. Alipita hata nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Kongo ya Wabelgiji. Simba hawakumla. Alirudi kwao, na mwaka 1937 akafa kwa ugonjwa wa mapafu, mwili wake ukiwa umedhoofishwa na malaria. Kwa hiyo chandarua hakitoki kwenye mzigo. Hakifiki hata kilo moja. Toeni viatu, toeni redio, chandarua kibaki.

Vingine visivyotoka: pampu, viraka na gundi, mpira wa ndani mmoja, spana ya nati za kinga yako (ijaribu nyumbani kwanza, msichukue spana ya jirani mkidhani itaingia), waya kidogo. Maji lita nne, na kitu cha kuyasafisha yale mtakayochota njiani. Pakiti za SRO za kuharisha, kila moja ina uzito wa gramu 20.5 na inatengeneza lita moja. Pakiti tatu ni nyepesi kuliko chupa ya maji. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa, visivyojaa mlima. Fulana nzito ya sufu, kwa sababu usiku wa mwezi wa sita na wa saba kwetu huku juu ni baridi kweli. Jile yenu ya kung'aa ya kazini, ichukueni na muivae njia nzima, kwa ajili ya kamyo na vumbi. Na kabla ya yote pitieni dispansere tuangalie kadi yenu ya chanjo ya pepopunda. Hiyo mnaibeba mwilini, haina gramu hata moja.

Homa ikikupata njiani usikanyage pedali kwa kusema «nitafika nilale». Simama kituo cha afya cha karibu, upimwe. Weka franga za kazi hiyo mbali na franga za bia.

Juu ya watoto nasema kwa kifupi: kinga yenye mzigo haibebi mtoto. Sitajadiliana na mtu juu ya hilo.

Juu ya kurudi, nalo lisemwe. Kwenda mnakwenda na zawadi, kurudi mnarudi na mahindi, karanga, samaki. Mwili umeshachoka, na Jumatatu kuna zamu. Samaki wa Luapula mchukueni mkavu, ambaye maji yake yamebaki Luapula. Mahindi yaje na kamyo. Na mfike siku mbili kabla ya kazi, siyo usiku wa kuamkia kazi. Mtu aliyetoka kinga siku nne akaingia moja kwa moja kwenye zamu ya usiku anasinzia amesimama, nimewaona.

Sasa, ombi langu kwa wakubwa na kwa ninyi. Dispansere tuna mzani mzuri, ule wa kupimia watu wazima. Kila Ijumaa, saa nane mpaka saa kumi, wagonjwa wakiwa wamepungua, nimepata ruhusa ya kuutoa nje barazani. Anayekwenda konji alete mzigo wake kama ulivyofungwa, tuupime. Sitamnyang'anya mtu kitu. Nitasoma namba tu, kwa sauti, na mama wa nyumbani awe pale asikie, kwa maana mara nyingi ndiye anayefunga, na mara nyingi tena ndiye anayejua kilicho chini kabisa ambacho hakikutumika mwaka jana. Mkirudi, fungueni mzigo mezani, mgawanye vitu viwili: vilivyotumika na visivyotumika. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivyo, visivyotumika vilikuwa vingi kuliko vilivyotumika.

Mzigo wangu wa mwaka huu niliupima jana usiku. Maji kilo 4, vyombo vya kinga kilo 1 na nusu, chandarua na blanketi kilo 2, nguo kilo 2, chakula cha njiani kilo 2, dawa nusu kilo, sufuria ndogo na sahani nusu kilo, sindano, nyuzi na vitenge vya dada zangu kilo 1. Jumla kilo 13 na nusu. Nikaenda kuoga nikiwa na furaha. Niliporudi nilikuta 14 na robo. Mke wangu ameingiza sufuria la pili, anasema siwezi kupika mboga na bukari katika sufuria moja kama askari. Nimelitoa. Asubuhi lilikuwa limerudi.